Kongwe la Nyuma ya Nyumba

Kongwe ni jani la kuudhi. Ukilikatakata kwa jembe, kila kipande kinatoa mizizi yake. Ukiling'oa ukaliacha chini, mvua moja tu, linakukodolea vimaua vyake vya buluu. Kwetu Midia tulilitundika juu ya visiki mpaka likauke, na kazi hiyo ilikuwa ya wasichana, kwa hiyo nililichukia kwa moyo wote.

Mama peke yake ndiye niliyemwona akilipanda. Tulipokimbia vita kwenda Zaire, mdogo wangu wa kunyonya alikuwa amezikwa juzi yake nyuma ya nyumba. Nafasi ya kutafuta mawe haikuwepo. Mama akachomeka kongwe juu ya kaburi, kwa kuwa lenyewe halifi, akafunga mizigo.

Tuliporudi, miaka mingi baadaye, mama mdogo alitangulia na baba. Huyu alikuwa mke mwenza wa mama, binti wa wafanyabiashara wa Arua, aliyeolewa hukohuko ukimbizini. Jembe hakulizoea, lakini alitaka mama akute kwake kumependeza. Alilima uwanja wote mpaka viganja vikachubuka. Nyumba ya zamani ilikuwa imekwisha kumomonyoka, hata msingi hauonekani.

Mama alifika, akatazama ule udongo mtupu.

“Kongwe iko wapi?”

“Nilikata yote, dada. Ilikuwa mingi sana.”

“Mutoto yangu iko chini yake.”

Mama mdogo aliinua mkono kuonyesha mahali, akaushusha. Hakujua ni wapi. Tangu siku hiyo akawa anaketi nasi kwenye sinia bila kugusa kitu, na kila asubuhi yuko uwanjani, ameinama akitafuta. Nilimhurumia sana.

Mvua ikaja. Kongwe likachipua kila mahali, kuanzia jikoni hadi njiani, pote jembe lake lilipopita. Mama mdogo alimshika mama mkono.

“Dada, onyesha mimi. Iko wapi?”

Mama alizunguka taratibu katikati ya machipukizi, akasimama karibu na mpapai.

“Iko hapa.”

Mama mdogo alipiga magoti akalia, kisha akaanza kusomba mawe. Mama alimsaidia kuyapanga.

Kesho yake, tukienda kisimani, nilimwuliza mama alipatambuaje.

“Mimi sikujua,” alisema. “Lakini yule alikuwa hakuli chakula.”