Siku Timu Ilipokuja Kuniposa

Mwezi uliopita nilirudi Matongo kumzika mwalimu wangu. Nilishuka kwenye bodaboda pale tulipokuwa tukichezea mpira, nikasimama kama mgeni. Uwanja haupo. Umefunikwa na kifusi cha mgodi, kilima kizima.

Kama ulilelewa na wazazi wako, nivumilie kidogo. Wangu walifariki nikiwa mdogo, nikakaa kwa baba mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuponda magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi ambayo watu huyatafutia dhahabu. Nyundo asubuhi, nyundo jioni. Vumbi lilinikaa kooni hata uji wa ulezi ukawa na ladha ya mawe.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Alitukusanya wasichana, akatufundisha mpira pekupeku malishoni. Mimi nilikwenda kwa kuibia. Baada ya mazoezi alitupikia ugali wa mtama na dagaa, tukala sinia moja, naye akaniuliza, "Umeshiba?" Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nilipofikisha miaka kumi na mitano, baba mdogo alinitafutia mume, mzee mmoja wa Gorong'a mwenye zizi kubwa. Nilimwambia kipa wetu tu. Kesho yake timu nzima ikaingia uani na jezi zao, mwalimu mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona jeshi zima?"

"Tumekuja kuposa."

Baba mdogo akacheka. "Mmeleta ng'ombe wangapi?"

"Hatuna hata ndama. Kuna shule ya bweni Serengeti inatafuta wachezaji, itawasomesha bure. Wanakuja kuwaangalia Jumamosi. Tuachie binti mpaka Jumamosi."

Akakataa. Wenzangu wakakaa chini kwenye vumbi, hawakuondoka. Jua likapanda mpaka utosini. Mwishowe bibi, mama yake baba mdogo, akatoka na kibuyu cha maziwa, akawanywesha mmoja mmoja.

"Sasa ni wageni wangu," akamwambia mwanawe. "Wafukuze basi, nikuone."

Hakuwafukuza.

Jumamosi nilicheza. Sikufunga bao. Walinichukua hivyo hivyo. Walisema sichoki kukimbia.

Siku hizi nachoka. Goti liliniharibikia mapema, nikasomea ualimu, nami nafundisha wasichana mpira huko Mugumu. Kila likizo wawili watatu hawarudi, wanaozwa. Nimeshakaa chini kwenye nyua nyingi, nyingine nikatoka mikono mitupu, na bibi wa kunitolea maziwa simwoni tena.

Kwenye mazishi tulifika wanne tu wa timu ile. Wengine waliolewa mbali, wengine wametangulia. Wakati wa kuweka mashada mchungaji akaita watoto wa marehemu. Mwalimu hakujaliwa kuzaa. Tukatazamana, tukainuka.

"Nyie ndio watoto wake?" mchungaji akauliza.

"Ndiyo," akajibu kipa wetu. "Tulikuwa kumi na mmoja."