Mkono Uliogusa Waya

Kila umeme ulipokatika, uwanja wetu wa Gungu, Kigoma, ulizidi kunuka dagaa. Redio ya jirani ilinyamaza, ikabaki harufu ya samaki wanaokauka juani na kimya ambacho sikukipenda hata kidogo. Mwaka mmoja mjomba Yohana, kaka yake mama, alikuja kutusalimia kutoka Morogoro, alikokuwa akifunga nyaya za reli mpya. Mimi na mdogo wangu Elia tulijua treni moja tu, ile ya dizeli inayotuachia moshi. "Hii mpya ya umeme ina mkono juu ya paa," mjomba alituambia. "Mkono unausukuma waya kutoka chini. Hauushiki, unateleza tu. Umeme unashuka kwenye mota, unapita magurudumuni, unarudi kwa reli. Inakula huku inakimbia!" Mama alicheka, akasema kaka yake hajaacha uongo wake. Elia hakucheka.

Mjomba alipokwisha kuondoka, adhuhuri moja umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, nilimkuta Elia nyuma ya nyumba, peku, kwenye matope ya maji ya kuoshea dagaa. Alikuwa ameinua upondo wa baba, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kutoka nchani alikuwa ameteremsha kipande cha waya hadi kiganjani. Alitaka kuwa treni: mkono juu, miguu chini, matope yakiwa reli yake. Waya wa mtaani ulikuwa umelegea na kuning'inia, na ncha ya upondo ilikwisha kuugusa. "Umelala," alininong'oneza, "lakini unavuma. Sikiliza, dada." Nami niliusikia, naapa, mvumo mwembamba, ilhali mtaa mzima ulikuwa kimya. Mama ndiye aliyetokea na beseni, akaliachia lianguke. "Weka chini, mwanangu! Weka chini!" Elia alishtuka, upondo ukamponyoka. Kabla haujatulia matopeni, redio ya jirani ikaanza kuimba. Mama akamkumbatia palepale, juu ya dagaa waliomwagika.

Mwaka huu mimi na Elia tulipanda treni ya umeme kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Viti laini, moshi hakuna, na kwetu Kigoma bado tunaisubiri. Zamani niliogopa umeme unapokatika. Siku hizi naogopa unaporudi. Mahali fulani njiani mvumo ulikoma, treni ikateleza kimya. Elia, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, alinishika mkono, akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni kama anayeitoa matopeni.

"Subiri, dada," alisema. "Unarudi."

Ukarudi. Miguu hakuishusha.