Matundu Mawili Chini ya Mabati

Baba alijenga nyumba ya mabati pale Endarasha mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza darasa la saba. Ilikuwa ya kwanza upande wetu kuwa na dari. Majirani waliingia wakatazama zile mbao nyeupe juu ya vichwa vyao, wakauliza kama huko juu panalalwa.

Fundi alitoka Nyeri mjini. Alikuwa Mwislamu wa makamo mwenye kofia iliyofumwa, na Kiswahili chake kilikwenda mbio kuliko chetu. Katika kila ncha ya nyumba, kulia na kushoto, juu kabisa ambapo ukuta unakutana na paa, aliacha tundu la ukubwa wa karai, akalipigilia wavu wa waya kuzuia popo.

"Fundi, hapo umesahau kumaliza," baba akamwambia.

"Sijasahau, mzee. Hapo nyumba inapumua."

"Ati inapumua? Kwani ni ng'ombe?"

"Ng'ombe ukimziba pua anakufa papo hapo. Nyumba inachukua muda."

Watu walicheka, baba naye akacheka. Baadaye nilipompelekea fundi chai, alinionyesha yale matundu kwa kidole. "Wewe ndiye uliyesoma, utamkumbusha mzee wako. Huku kwenu kuna baridi. Mabati yanatoa jasho kwa ndani. Upepo ukipita, linakauka. Ukizuiwa, linadondoka." Nyanya, mama yake baba, alikuwa amekaa karibu akimenya viazi, lakini hakujua Kiswahili. Mimi niliitikia kwa kichwa. Hata shuleni nilikuwa najua jibu na kulinyamazia.

Jiko la nyanya lilikuwa la nyasi. Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha fito, cheusi kwa moshi, na hapo ndipo alipotunza mbegu zake za mahindi, zikiwa bado kwenye magunzi. Yalikuwa mahindi ya zamani, meupe yenye punje za zambarau, ambayo alitoka nayo kwao Kianyaga alipoolewa. Wakati wa hali ya hatari, wakoloni walipowafungia kijijini, alishona konzi mbili za punje ndani ya pindo la nguo yake na kulala nazo miaka yote hiyo. Msimu kabla ya nyumba yetu mpya, mvua ilikosekana na shamba likakauka. Mbegu zilizobaki ni zile za kichanjani tu.

Nyumba ilipokwisha, baba alibomoa lile jiko. Alisema cheche moja ingeteketeza kila kitu.

"Na mbegu zangu zitakaa wapi?" nyanya akauliza.

"Juu ya dari, mama. Huko ni juu kuliko kichanja chako."

Nyanya alikubali. Maisha yake yote, mahali palipo juu ya watu na moto palikuwa pakavu. Nilipanda nikazipanga kwa mikono yangu.

Baridi ya Julai ilipokuja, upepo wa Nyandarua ulipita darini ukivuma siku nzima. Baba alilalamika kwamba amejengea upepo nyumba. Akaegemeza ngazi, akanipa magunia. "Wewe ni mwepesi, panda uzibe."

Nilipanda. Maneno ya fundi nilikuwa nayo mdomoni. Niliyashindilia magunia mpaka mwanga ukaisha kabisa.

"Umemaliza?" baba akauliza kutoka chini.

"Ndiyo, baba."

Nyumba ikawa na joto. Tulipikia chai ndani kwa stovu ya mafuta ya taa, na mvuke ukapanda. Baada ya wiki chache dari ikaanza kuweka madoa ya rangi ya chai. Asubuhi jua lilipopiga mabati nilisikia matone huko juu, na mvua haikuwa imenyesha.

"Ni panya wanakojoa," baba akasema. "Hata wao wamefurahia nyumba."

Nyanya hakuweza tena kupanda ngazi. Siku moja aliniita, akaniuliza taratibu, "Mama, huko juu kukavu?" Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Kukavu, nyanya," nikasema. Sikuwa nimepanda kutazama. Niliogopa kutazama.

Mvua za vuli zilipokaribia, alisimama chini ya ngazi na kiondo chake cha kutilia mbegu. Niliinua mlango wa dari na harufu ikanipiga kabla ya kuona. Mahindi yalikuwa yameshikana kwa kuvu ya kijani. Mengine yalikuwa yameota gizani, machipukizi membamba, meupe, hayana nguvu. Nilimpitishia moja moja. Kila moja alilisugua kwa kidole gumba, akang'ata punje, akatema. Alipata mahindi manne ya kujaribu. Aliyapanda nyuma ya nyumba na hakuna kilichotoka.

"Nitakununulia nyingine, mama," baba akamwambia.

"Wapi?" nyanya akauliza.

Niliyatoa yale magunia mwenyewe, bila kuambiwa. Dari ilikauka ndani ya siku tano.

Tulipokuwa tukipanda mbegu za duka, nyanya alikaa pembeni ya shamba na jembe likiwa magotini. Akaniita.

"Yule fundi alikuwa anakuambia nini siku ile ya chai?"

Nikamweleza yote, neno kwa neno, la jasho na la upepo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe kuna mtu alijua," akasema.

Akaweka jembe chini, akaingia nyumbani. Msimu ule hakushika tena udongo, wala uliofuata. Na mimi hakuniita tena mama.