Mawe ya Nyumba ya Mama

Kwetu Busi, njiapanda ya kwenda mashambani, palikuwa na rundo kubwa la mawe, kaburi la watu wa kale ambao hata bibi zetu hawakuwajua. Kila aliyepita aliongeza jiwe. Wanaume walidhani ni kuomba safari njema tu, na tuliwaacha wadhani hivyo.

Mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina hakuwekewa matanga. Mabibi walimzika kimyakimya pembeni mwa rundo lile, ili asilale peke yake, na mama mzazi akafunika kwa jiwe lake. Siri hiyo ilikuwa ya wanawake. Mama alinieleza siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Wa kwake wa kwanza alikuwa pale.

Mwaka jana mama alikuwa kwangu mjini, Area D, akitibiwa goti. Huku nyuma kaka yangu, mchapakazi asiyechoka kujisifu, akabomoa tembe la mama, nyumba yake ya zamani ya udongo, ili amjengee nyumba ya bati. Alipiga simu kila mara kutusimulia jinsi msingi ulivyopanda. Tulimcheka, lakini mama alifurahi sana.

Tuliporudi, mama aliokota jiwe njiani kama kawaida yake. Tukafika njiapanda. Palikuwa peupe, udongo mwekundu na alama za matairi ya trekta. Mama alisimama na jiwe lake mkononi, asijue aliweke wapi.

Kaka alitupokea akitabasamu hadi magego. Alisema mawe yale aliyasomba kujengea msingi, maana yalikuwa yamekaa bure, hayana mwenyewe. Hasira zilinipanda, nikafungua mdomo, mama akanifinya mkono.

“Asante, baba,” alimwambia. “Nyumba nzuri.”

Mpaka leo kaka hajui, na sidhani kama nitaweza kumwambia. Alijenga kwa mapenzi, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni ile nilimkuta mama nyuma ya nyumba, amejikokota na goti lake bovu, akipapasa msingi jiwe moja baada ya jingine. Alikuwa analia, kilio ambacho hakuruhusiwa kulia alipokuwa msichana.

“La kwangu lilikuwa jeupe,” alisema. “Nitafutie, mwanangu.”

Nikapiga magoti, nikatafuta. Mawe meupe yalikuwa mengi, kutoka kona hadi kona. Kila mama alikuwa amechagua jeupe.