Nafasi Iliyokuwa na Mwenyewe

Mama Pasi, mkuu wa dobi kwenye hoteli moja kubwa, hakuwa mtu wa kupendwa. Shuka ikitoka na kunyanzi, alimrushia usoni aliyeipiga pasi, wenzake wakitazama. Hata meneja akipita pale alijifanya anaongea na simu. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia kilichokuwa kinapikwa.

Alikisikia nyumbani kwake mwenyewe. Jumapili moja alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Wifi yake, aliyekuwa mfuaji zahanati, aliingia sebuleni alikokuwa kaka yake, mume wa Mama Pasi, akidhani Mama Pasi yuko zamu.

"Kaka, nimeitwa usaili! Mkuu wa dobi! Haijatangazwa popote. Meneja kanipigia mwenyewe, kaniambia nifunge mdomo."

"Hoteli gani?" Mama Pasi aliuliza, kisu mkononi.

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka mtu akatazama sakafu.

"Ile yangu ina mkuu wa dobi mmoja," Mama Pasi alisema, "na hajafa."

"Mimi sikuomba, wifi. Nimeitwa."

"Toka nyumbani kwangu."

Siku ya usaili, meneja alimtuma Mama Pasi mjini akakague mashine mpya. Hakwenda ng'o. Alisubiri wifi yake aingie ofisini, kisha akafungua mlango bila kubisha.

"Mbona hamkutangaza?"

Meneja alikunja uso. "Tutangazeje na wewe bado umeikalia? Ungesoma, ungetuletea fujo."

"Basi fujo ndiyo hii. Nimeileta bila tangazo."

Alizoa kila kilichokuwa mezani kwa mkono mmoja: simu, mafaili, birika la chai. Wifi akaruka, gauni lake jipya limelowa chapachapa.

Walinzi walimtoa wakiwa wamemkwida. Wapiga pasi walijipanga ukumbini kutazama, na mmoja akacheka kwa sauti. Hakuna aliyemwambia pole.

Wifi aliipata kazi siku hiyohiyo, na doa lake kifuani.

"Lakini mke wangu," mumewe alisema jioni, "si afadhali imebaki kwenye familia?"

Mama Pasi alimtupia mto na blanketi sebuleni, akafunga mlango wa chumbani kwa ufunguo.

Siku hizi anafua nguo za watu barazani kwake. Kila asubuhi wifi hupita hapo na sare ya hoteli. Mama Pasi hamsalimii wala hamtukani. Akimwona anakuja, huinua beseni na kumwaga maji machafu barabarani. Siku nyingine yanampata.