Lenzi Iliyopimwa kwa Kiganja

Mtu akiniuliza namna ya kupiga picha nzuri ya ndege, jambo la kwanza ninalomwambia ni aketi chini. Kuinama hakutoshi. Aketi kabisa, nguo zichafuke, mpaka kamera ilingane na jicho la ndege. Ukimpiga umesimama unapata mgongo wake na tope. Ukiketi, anakutazama. Nilijifunza hivyo kwa kukosea mara nyingi kwenye majaruba ya mpunga nje ya Masumbwe, nikiwa mwalimu wa jiografia mwenye kamera ya mtumba na Jumamosi yangu moja kwa wiki. Wa pili kujifunza alikuwa mume wangu, na yeye nilimfundisha kwa sababu macho yake yalikuwa yanazimika.

Alikuwa broka wa dhahabu. Kwa miaka mingi alinunua kwa wachimbaji wadogo wa huku kwetu na kwenda kuuza Kahama. Halafu akaanza kujigonga bega milangoni, kumimina chai nje ya kikombe, kumpita mtu anayemsalimia ubavuni kama hakumsikia. Tulikwenda hospitali Mwanza, na daktari akatueleza bila haraka kwamba ni presha ya macho. Kuona kunaliwa kutoka pembeni kuja katikati. Matone yanachelewesha, hayarudishi kilichokwisha kwenda. Katikati palikuwa bado pazuri. Angeweza kusoma herufi ndogo kwenye kichupa cha dawa yake.

"Ni kama kuchungulia kwenye bomba," aliniambia ndani ya basi tukirudi. "Mwisho wa bomba kuna mwanga wa kutosha. Shida ni bomba lenyewe, linazidi kuwa jembamba."

Baada ya hapo watu wakaanza kumpunguzia vitu mkononi, wote kwa upendo. Watoto wetu walichukua ufunguo wa pikipiki. Mwenzake wa biashara alikuja nyumbani, akanywa uji, akaondoka na mzani. Mimi nikawa ndiye ninayemdondoshea matone, maana mwenyewe alikuwa anayadondoshea shavuni. Kilichobaki ni kunifuata majarubani, na huko nikampa kamera.

Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kufundisha. Nilimwambia: jua likae mgongoni kwako, lenga jicho la ndege wala si kifua, na ubonyeze anapoanza kuinua mguu, kwa sababu ukisubiri ainue utampata amekwisha kuushusha. Nikamwambia asimfuate ndege. Ndege anayefuatwa unapata picha ya mkia. Hilo alilielewa kabla sijamaliza. Broka anayemkimbilia mchimbaji hununua kwa bei mbaya, akasema. Unakaa, unakunywa chai, mwenye mali anakuja mwenyewe.

Aliyemtaka hasa ni korongo taji. Baada ya mavuno, watu wakishaondoa mpunga, makorongo hushuka wawili wawili kuokota punje zilizodondoka, na asubuhi nyingine hucheza: wanainamiana, wanafungua mabawa, wanaruka na kutua pale pale. Mume wangu aliwaona utotoni akichunga ng'ombe upande wa Shinyanga. Lenzi yetu ilikuwa fupi. Katika picha zetu walionekana kama kuku waliovaa kofia.

"Nataka kumwona usoni, Mwalimu," alisema. Ndivyo anavyoniita, mbele ya watu na hata tukiwa wawili. "Usoni, akiwa anacheza. Mara moja tu. Yakishazimika, nibaki na huyo."

Nilijua alichokuwa anaomba, na nilijua daktari hakutuahidi msimu mwingine wa mavuno.

Ndipo kwenye kundi la kuuziana vitu la simuni likatokea tangazo la lenzi ndefu, iko Kahama, bei ya kuvutia. Bei ya kuvutia ni kengele, na nilimwambia hivyo. Nilikaa naye barazani nikamfafanulia yote ninayoyajua, na nayaandika hapa kwa sababu bado ni kweli. Usitume hela kwa mtu usiyemwona. Nenda na kamera yako mwenyewe, uifunge hiyo lenzi hapo hapo, upige picha ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kisha ukuze picha uone kama herufi za kwenye kona zinasomeka. Tazama ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu na itaendelea kula kioo. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu ameifungua, na muulize kwa nini. Linganisha namba iliyochorwa kwenye lenzi na ile ya kwenye boksi. Muuzaji mkweli atakuacha ufanye yote hayo huku anakupigia hadithi. Muuzaji mwenye haraka mwache na haraka yake.

Alinisikiliza vizuri. Akarudia moja moja bila kukosea.

Tulikwenda Kahama na kamera, gazeti na tochi. Muuzaji, mtu mzima mwenye viatu safi na sauti ya taratibu, alichagua mwenyewe mahali pa kukutania: mgahawa wa chai wanakokaa mabroka. Nilidhani ni bahati. Mume wangu hakuwa amefika pale tangu mzani uondoke, na walimpokea kwa kelele.

"Mzee! Tuliambiwa umeacha dhahabu, sasa unanunua kunguru."

"Kunguru hana makato ya gramu," akajibu, na benchi zima likacheka.

Broka mmoja kijana alinigeukia. "Shikamoo Mwalimu. Umekuja kusahihisha?"

"Marahaba. Nimekuja kunywa chai."

Muuzaji akaitoa lenzi kwenye kitambaa. Hakunipa mimi niliyekuwa nimeshika kamera. Akamwekea mume wangu kiganjani.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho mgeni hatakijua. Huku kwetu broka mzoefu hupokea kipande cha dhahabu kiganjani kabla ya mzani. Hufumba macho, hukipandisha na kukishusha kidogo, na mkono humwambia. Si uchawi. Dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu kinachojifanya dhahabu, kwa hiyo mwongo hujulikana kwa wepesi wake. Mume wangu alikuwa na mkono wa kusimuliwa. Tena wana desturi yao: mtu wa namna hiyo akishasema "imelala", yaani uzito wake ni wa kweli, mjadala umekwisha. Kupima tena mbele yake ni kumwambia kwamba mkono wake umekufa.

Akafumba macho. Akaipandisha, akaishusha. Mgahawa wote ulitulia, hata anayekaanga chapati.

"Imelala," akasema.

"Mkono upo!" akashangilia yule kijana. "Macho yaende, mkono upo!"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuziona skrubu. Tatu kati ya nne zilikuwa zimechubuka, zinang'aa kama sarafu mpya. Nilimgusa kiwiko. "Mzee, ngoja nijaribu kwenye kamera, picha moja tu."

"Mwalimu, acha."

"Gazeti hili hapa."

"Nimeshapima."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepata mahali pa kusimama. Na mimi, niliyefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba swali halina aibu, nilikunja gazeti nikalirudisha mkobani, naye akalipa. Miezi yote ile kila mtu alikuwa amemwondolea kitu mkononi. Sikuweza kuwa wa mwisho, mbele ya benchi lile. Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa upendo au woga.

Jumamosi iliyofuata tulifika majarubani umande haujakauka. Mama mmoja mwenye jaruba alikuwa anakusanya mabua. "Mwangaluka!" akatuamkia kwa Kisukuma, akatuonyesha kwa kidevu: makorongo wawili, mbali kidogo, jua likiwapiga usoni. Tukaketi. Mume wangu akafunga lenzi mwenyewe, kwa kupapasa, vizuri kabisa. Na kana kwamba walikuwa wanamsubiri, wale ndege wakaanza kucheza.

Akaweka jicho kwenye kamera. Akazungusha lenzi kwenda, akazungusha kurudi. Nilisikia mlio wa picha mara moja tu. Kule mbele dume alikuwa ameruka juu na mabawa wazi.

"Mwalimu."

"Naam."

"Kuna ukungu. Kote, mpaka katikati." Akaishusha kamera magotini. Alikuwa ameyafumba macho kwa nguvu. "Imefika katikati. Hata leo asubuhi niliona vizuri. Imefika."

Nilichukua kamera nikachungulia. Palikuwa na wingu la maziwa na vivuli viwili vinavyorukaruka. Macho yake hayakuwa na kosa. Nilijua kabla sijachungulia, na nikakaa na ujuzi huo kwa muda ambao sikupaswa kukaa nao, kwa sababu kila upande niliogeukia ulikuwa unamwumiza. Nikinyamaza, anaamini amekwisha kuwa kipofu. Nikisema, namwambia mkono wake umedanganywa mbele ya wenzake, na kwamba mimi niliona nikanyamaza.

"Si macho," nikasema. "Ni lenzi. Hata mimi naona wingu."

"Unanibembeleza."

Nikaitoa lenzi ndefu, nikafunga ile fupi ya zamani, nikamrudishia. Akatazama muda mrefu.

"Kuku wenye kofia," akasema hatimaye, na akapumua kama mtu aliyetua gunia. Halafu gunia la pili likamfikia. "Uliziona skrubu."

"Niliziona."

"Na hukusema."

"Nilisema kidogo."

Makorongo walimaliza ngoma yao wakaruka kuelekea upande wa Runzewe, tukawasikiliza mpaka sauti ikaisha. Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa tangu siku ile ile. Nyumbani nilifungua zile skrubu. Ndani kulikuwa na vioo viwili vya darubini ya kuchezea na pete nene ya risasi, ile metali nzito, iliyobanwa kwa gundi. Huyo mtu alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya viganja vya watu wa huku. Kipande cha dhahabu ya uongo hakiongezeki uzito kirahisi, lakini bomba lolote unaweza kulijaza risasi. Mume wangu aliishika ile pete, akaipima, akaiweka mezani. "Hii nayo imelala," akasema. Hakwenda tena Kahama.

Nilimfariji kwa njia ninayoijua, yaani kwa kufundisha. Nikamwambia lenzi fupi si mwisho wa dunia. Ukishindwa kumvuta ndege, unamwacha aje. Kwa hiyo tukawa tunakwenda kabla ya kazi pia, alfajiri, nguo zile zile, tuta lile lile, bila kunyanyuka. Ndege huzoea kitu kisichobadilika. Wiki ya kwanza makorongo walitukimbia. Wiki ya tatu walikuwa wanaokota punje majaruba mawili kutoka tulipo. Kila asubuhi walisogea kidogo. Na kila asubuhi nilimwona mume wangu akigeuza kichwa zaidi na zaidi ili kunipata niliko, ingawa nilikuwa nimeketi karibu yake. Sikuwa na la kufanya ila kuomba hawa ndege wafike kabla ya lile giza.

Walifika. Asubuhi moja jike alivuka tuta akasimama hatua chache mbele yetu, akainamisha kichwa, akafungua mabawa. Mume wangu alifanya kila nilichomfundisha. Alilenga jicho, akabonyeza mguu ulipoanza kunyanyuka. Niliitazama picha kwenye kioo cha kamera. Taji lote, unyoya kwa unyoya, shavu jeupe, tone jekundu, bawa limejaa ukingo mpaka ukingo. Ndiyo picha bora kuliko zote tulizowahi kupiga.

Nikamshikia kamera mbele ya uso.

"Jicho," akasema. "Naliona jicho. Zuri." Akasogeza kichwa. "Hapa kuna nyeupe." Akasogeza tena. "Hii ni nini, bawa?"

"Bawa."

"Na taji liko wapi?"

"Juu. Juu kidogo. Hapo."

"Nimelipata. Lakini jicho limetoka." Alirudi chini kulitafuta, akalipata, akapoteza taji. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mimi ninayejiita mwalimu nilipaswa kulielewa tangu mwanzo. Anayetazama kupitia bomba hahitaji kitu kikubwa na cha karibu. Kikubwa hakiingii. Hata lenzi ya kweli isingempa alichotaka. Ingemletea vipande tu, vikubwa zaidi.

"Rudi nyuma, Mwalimu," akasema. "Rudi nayo nyuma, labda ataenea."

Nikanyanyuka, nikarudi hatua moja, kamera mikononi, kioo kikimwelekea.

"Tena."

Nikarudi nyingine, nikikanyaga mabua.

"Anaenea," akasema, na uso wake ukafunguka. Kisha akakunja paji. "Ila sasa ni mdogo sana. Siujui tena uso. Njoo kidogo."

Nikaja kidogo. Taji likatoka. Nikarudi. Uso ukapotea. Tuliendelea hivyo, yeye ameketi kwenye tuta akiniambia njoo, rudi, njoo, nami nikienda na kurudi ndani ya jaruba tupu, nikitafuta mahali ambapo korongo angeenea wote na bado aonekane usoni. Jua lilipanda, kioo kikaanza kumeremeta, na sikupapata.