Kigodoro Tumboni mwa Roboti

Wajukuu zangu wa mtandaoni, nawategeeni kitendawili.

Ana miguu minne ya mpira, hana mgongo wa kulalia, lakini anatembea na godoro tumboni. Nani huyo?

Msijisumbue. Ni roboti ya mjukuu wangu. Ilifunguliwa tumbo mbele ya watu kumi na tatu, wakakuta ndani kigodoro. Kina foronya. Foronya ina marinda.

Nilikishona mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia la saba, ila kwa kujifanya najua nina digrii kabisa. Mjukuu akinikosoa, nanuna. Mwezi uliopita aliniambia nimeweka sindano ya cherehani kinyume. Ni kweli ilikuwa kinyume. Nikamnunia wiki nzima!

Binti huyo namwita Bisibisi, maana hakuna redio iliyowahi kupita mikononi mwake ikabaki na skrubu zote. Alitaka sana kujifunza kazi kwenye karakana moja. Nafasi moja, waombaji watano.

Mwenye karakana, tunamwita Mama Spana, akawapa mtihani. Kila mmoja alete roboti itakayobeba spana kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho na kurudi, tena na tena kwa dakika kumi, bila kuguswa na mtu.

Bisibisi akaunda yake kwa kopo kubwa la biskuti na magurudumu manne. Asubuhi ya mtihani akafunga kitu cha mwisho: kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Bibi, hii ndiyo akili yake. Bila hii ni debe tu."

Aliifunga kwa skrubu nne, ikakaa juu ya vimiguu vinne vya plastiki ili isiguse bati. Kisha akaenda kuoga.

Nikachungulia.

Jamani! Akili ya mtoto inaning'inia! Chini uwazi, pembeni matundu, vumbi linaingia, na njia yote hadi karakana ni mashimo. Mimi niliyelea watoto sita niangalie tu?

Nikashika bisibisi. Nikang'oa vile vimiguu, nikavitia kwenye kopo langu la vifungo. Sponji kidogo, pamba kidogo, kitambaa cha maua. Nikadarizi na jina lake pembeni. Nikailaza kompyuta, nikaifunika kiblanketi, nikaziba matundu yote.

Mtaniuliza muda niliupata wapi. Bisibisi akiingia bafuni, mtu anashona suruali na kuipiga pasi.

Akatoka, akaweka betri, akafunga kifuniko. Hakusema neno. Nikajua kazi yangu imekubalika.

Karakanani nilikaa benchi la mbele na koti langu la harusi, lile la vifungo vikubwa vinane. Roboti ilipoanza kutembea nikamgusa jirani yangu.

"Unaiona ile? Mle ndani kuna mkono wangu."

Ikaenda, ikarudi. Ikaenda tena. Dakika ya nne ikaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango.

Ikazima.

Bisibisi akamgeukia Mama Spana. "Samahani, Mama. Ni kosa langu. Nadhani ni programu yangu."

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Wengine hawakuitambua, lakini mimi naijua miaka arobaini: ni nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Nilitamani niwe kifungo, nidondoke, nipotelee uvunguni. Nikasimama.

"Mama Spana, mtoto hana kosa. Fungua tumbo."

Wakafungua. Kicheko kilichotoka pale sijapata kusikia. Kijana mmoja akauliza, "Bibi, na neti ya mbu iko wapi?"

Mama Spana hakucheka. "Kompyuta ikifanya kazi inapata joto. Inataka hewa. Nyinyi mmeivika blanketi." Akatazama saa. "Mna robo saa mrekebishe, mrudie. Vimiguu vyake viko wapi?"

Nyumbani. Kwenye kopo. Na bila vimiguu, kompyuta ikigusa bati inaungua moja kwa moja.

Bisibisi akanitazama. Mimi nikatazama koti langu.

Mkasi haukosi kwenye mkoba wangu. Kacha, kacha, kacha, vifungo vyote vinane! Vya plastiki, matundu mapana, skrubu inapita vizuri. Viwili viwili kila pembe. Bisibisi akakaza, kompyuta ikakaa juu, hewa ikapita chini.

Dakika kumi roboti ilitembea na spana zake, na dakika kumi hizo nilisimama nimeshika koti kifuani kama ninayeimba wimbo wa taifa.

Ilipomaliza watu wakapiga makofi. Nikajua yamekwisha.

Mama Spana akamgeukia Bisibisi. "Betri uliiweka lini?"

"Asubuhi, kabla hatujatoka."

"Basi kigodoro ulikiona."

Bisibisi akaitikia kwa kichwa.

"Nilikiona. Nilidhani itavumilia dakika kumi."

"Kwa nini hukukitoa?"

Bisibisi akatazama sakafu. "Mara ya mwisho nilimwambia Bibi amekosea, hakunisemesha wiki nzima. Na... kilikuwa na jina langu."

Watu hawakucheka tena. Na mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaokota kigodoro changu nikakitia mkobani.

"Kati ya roboti tano, ni yako tu iliyomaliza dakika kumi. Nafasi ni yako," akasema Mama Spana. "Miezi mitatu ya majaribio. Siku ukiona kosa hapa ukanyamaza ili usimuudhi mtu, hata mimi, unarudi kwa bibi yako siku hiyohiyo."

Kigodoro kipo, paka analalia. Koti sijalitia vifungo vipya. Nikilivaa watu wananishangaa, nami nakumbuka.

Wazee wenzangu, mtoto alikuwa tayari kupoteza nafasi aliyoililia ili tu mimi nisinune. Siku hizi Bisibisi akisema, "Bibi, hapo umekosea," nauma ulimi, nameza mate, namwambia, "Nionyeshe."

Kitendawili cha mwisho nakitega: wote nyumbani wanampenda, wote wanamwogopa, na yeye anadhani wanamsikiliza. Nani?

Msihangaike kunipa mji. Jibu limekaa hapa, linaandika kwa kidole kimoja.